Kuhama Dallas kwenda Minneapolis kwa lori mwezi wa kwanza: shida ya barabara inaanzia wapi?

Mkwezi_Irving
Wakuu, habari za majukumu.

Mkataba wetu wa nyumba hapa Irving unaisha tarehe 31 Januari, na mama watoto ameitwa kazini Brooklyn Park, Minnesota, Jumatatu ya kwanza ya Februari. Tuna watoto wawili, mkubwa yuko darasa la pili, mdogo bado ni wa kiti cha gari. Mpango wangu uko hivi: Ijumaa nikitoka kazini tunapakia lori la futi 26, Corolla naifunga nyuma ya lori, mama watoto anafuata na Highlander akiwa na watoto. Tunaondoka usiku huohuo, tunapanda I-35 moja kwa moja, Jumapili asubuhi tunashusha mzigo.

Ninavyoelewa mimi, Texas, Oklahoma na Kansas ni lami tu, hakuna shida. Theluji inaanzia Iowa, na hapo ndipo nitapunguza mwendo. Waliowahi kupita njia hii wakati wa baridi, naomba mnisahihishe. Zaidi ya majaketi nijiandae na nini?

Bukavu_FW
Ndugu yangu, hapo kwenye "Texas hakuna shida" mimi nakataa kabisa. Niko Fort Worth. Tarehe 11 Februari 2021, saa kumi na mbili asubuhi na kitu, mvua nyepesi iliganda kwenye I-35W hapa mjini, sehemu ile ya barabara iliyoinuliwa. Magari zaidi ya 130 yakagongana, watu 6 wakafa. Wengi waliokuwa pale ni watu wa hospitali, wanaenda zamu ao wanatoka zamu. Hiyo barabara uko nayo karibu, wala haijafika Oklahoma. Watoto wawili ndani ya gari, baba, hebu fikiria tena.

Kibibi77
Uza kila kitu, kata tiketi za ndege, nunua upya ukifika. Makochi ya Texas hayana thamani ya kufia barabarani.

DerevaMasafa
Bukavu_FW amesema kweli. Mimi naendesha trela, na I-35 naifahamu kuanzia Laredo mpakani na Mexico hadi inapoishia Duluth, Ziwa Superior. Kipande kinachonitoa jasho ni kutoka Denton hadi Wichita. Kule juu theluji ikianguka magreda yanatoka, chumvi inamwagwa, mchana unaendelea na safari zako. Huku chini inanyesha mvua, inagusa lami, inakuwa kioo, na mji mzima una magari machache sana ya kumwaga chumvi.

Barafu ya namna hiyo huioni. Unaona barabara imelowa tu. Mimi natazama matairi ya gari lililo mbele yangu: kama lami inang'aa kama imelowa lakini matairi hayarushi maji, basi hayo si maji. Hapo unaondoa mguu kwenye mafuta taratibu, usukani unaushika ulivyo, breki huigusi. Tazama pia vioo vya pembeni. Vikianza kuota ganda la barafu kwenye kingo, jua na lami nayo inaota. Unatafuta njia ya kutokea ya kwanza unapaki.

Halafu kuna hili la usiku. Mimi mwenye leseni ya malori, sheria inaniruhusu kuendesha saa 11 tu, na zote lazima ziwe ndani ya saa 14 tangu nianze kazi, kisha napumzika saa 10. Wewe unataka utoke kazini, ubebe friji na magodoro, halafu ushike usukani usiku kucha huku unavuta gari. Ukivuta gari, kampuni nyingi za kukodisha zinakuwekea mwisho maili 55 kwa saa. Safari yako ni karibu maili 1,000. Piga hesabu mwenyewe, hujaweka mafuta, hujaweka chooni kwa mtoto.

Mkwezi_Irving
DerevaMasafa, hesabu nimeipiga, ni zaidi ya saa 18 za kuendesha bila kusimama. Nilikuwa nahesabu kwa mwendo wa Corolla. Asante mkuu, usiku nimeufuta.

Kibibi77, dada yangu, vitanda na friji bado tunavilipia. Siwezi kuuza kitu ninachokilipia.

MzeeMkazi_BP
Mimi ni mkazi wa Brooklyn Park na baridi ya hapa naijua. Wala msimtishe kijana kwa barafu ya Texas. Kinachoua Texas ni madereva. Hapa tunaendesha kwenye theluji miezi mitano, kila mtu anajua kuacha nafasi. Kule likidondoka punje moja, huyu anakwenda maili 75, yule amesimama katikati ya barabara kuogopa. Mpe dereva wa Minnesota barafu ileile ya Fort Worth atapita.

DerevaMasafa
Mzee wangu, heshima yako ipo palepale, lakini pale Fort Worth yalikuwemo malori makubwa yenye madereva wa kazi. Barafu ile hapiti mtu, awe wa Minnesota awe wa wapi.

Mwl_Fizikia
Mnabishana na wote mna kipande cha ukweli. Niongeze changu. Barafu haitelezi sawasawa kwenye kila baridi. Ikiwa karibu na nyuzi 32 za Farenhaiti, yaani sifuri ya Selsiasi, juu yake kunakuwa na utando wa maji, na utando huo ndio unaotelezesha. Baridi ikishuka hadi sifuri ya Farenhaiti utando unapungua sana na tairi linapata pa kushika. Ndiyo maana theluji iliyokandamizwa ya Minnesota kwenye baridi kali unaweza kuiendea, na ile ya Oklahoma kwenye nyuzi 31 inakutupa mtaroni.

Tena mvua ya kuganda inahitaji hewa vuguvugu juu na hewa baridi chini. Texas na Oklahoma hewa ya unyevu inapanda kutoka Ghuba ya Mexico, inakaa juu ya baridi iliyoshuka kutoka Kanada. Tone linatoka juu likiwa maji, linagandia kwenye lami.

MzeeMkazi_BP
Mwalimu, na tairi je? Gari la Texas lina tairi la joto. Mpira wake ukipoa chini ya nyuzi 45 unakuwa mgumu. Mimi nina tairi za baridi zenye alama ya mlima na chembe ya theluji ubavuni. Ndiyo tofauti hiyo, si utando wa maji.

Bukavu_FW
Na madaraja, mzee. Daraja linapigwa na upepo juu na chini, linaganda mbele ya barabara ya chini. Dallas na Fort Worth ni madaraja juu ya madaraja. Miye naona hiyo ndiyo sababu kubwa kuliko zote mlizotaja.

FundiSaid_KC
Wakati mnajadili sababu, ngoja nimsaidie huyu ndugu gari lake lifike. Nina gereji Kansas City, na kila Januari nayapokea magari ya Texas yanayopanda kaskazini. Karibu yote yanakuja na ugonjwa mmoja.

Ugonjwa huo ni maji ya waipa. Yale mnayouziwa Texas mengi ni ya kiangazi, yanaganda kwenye nyuzi 32 kama maji ya bomba. Ukifika Kansas lori la mbele linakurushia chumvi iliyochanganyika na tope kwenye kioo. Unabonyeza, hakitoki kitu, waipa zinapaka lile tope kushoto kulia, na uko kwenye maili 65. Nimeletewa gari ambalo dereva alikuwa anaendesha kichwa nje ya dirisha. Toa maji yote ya zamani, usiongezee juu yake. Bonyeza mpaka yaishe, jaza yaliyoandikwa -20°F au chini zaidi, kisha bonyeza tena kwa muda mpaka harufu ibadilike, ili maji mapya yaingie hadi kwenye mipira na matundu. Lori la kukodi nalo hivyohivyo, maana huwezi kujua lilijazwa wapi.

Maji ya rejeta: ukichanganya nusu kwa nusu na maji unakingwa hadi karibu -34°F. Huko kwenu watu wakiona yamepungua wanaongeza maji matupu, na kwa joto la Texas hakuna atakayegundua. Kipimo ni dola chache tu, pima Highlander na Corolla zote mbili.

Betri: kwenye nyuzi 32 inapoteza kama theluthi ya nguvu, kwenye sifuri zaidi ya nusu. Joto la Texas ndilo linaloua betri, baridi inakuja kutangaza msiba. Kama betri yako imevuka miaka mitatu ya jua la huko, ipimwe kabla hujaondoka. Maduka mengi ya vipuri wanapima bure.

Upepo wa matairi unashuka paundi moja kwa kila nyuzi 10 za Farenhaiti. Ukitoka Irving kwenye nyuzi 60 ukafika Minnesota kwenye -10, paundi 7 zimekwenda bila pancha. Pima kila asubuhi kabla tairi halijapata moto.

Swali: hilo lori ni la petroli au dizeli?

Mkwezi_Irving
Dizeli, mkuu. Nilifurahi kwa kuwa linakula kidogo.

FundiSaid_KC
Basi sikiliza vizuri. Dizeli ya kawaida, namba 2, ina nta ndani yake. Baridi ikiingia nta inaanza kuganda, mafuta yanakuwa na ukungu, chujio linaziba, injini inakohoa kisha inazima barabarani. Ukijaza tangi Texas ukafika nalo kaskazini ya Iowa, umebeba mafuta ya Texas kwenye baridi ya Iowa. Panga tangi lipungue unapofika kwetu Kansas City, jaza hapa, kisha jaza tena Iowa. Pampu za huko wakati huu zinauza dizeli iliyochanganywa na namba 1 au iliyotiwa dawa. Beba na chupa ya dawa ya kuzuia kuganda. Inatiwa mafuta yakiwa bado maji, kabla ya kujaza, ili yakiingia yajichanganye. Yakishaganda ile dawa haifanyi kazi tena.

Kiboko_Houston
Mimi ningeshauri vitu vizito viwekwe nyuma kabisa, juu ya magurudumu ya nyuma, maana hayo ndiyo yanayosukuma. Uzito unalifanya lori lishike barabara.

DerevaMasafa
Hapana, Kiboko. Vizito vinakaa mbele, vimeegemea ukuta wa kebini, chini kabisa, na vimefungwa kamba. Friji, mashine ya kufulia, maboksi ya vitabu. Ukiweka uzito nyuma kabisa, tena unavuta gari, mkia ndio unaoongoza lori. Lori likijaa vizuri, magurudumu ya nyuma yana uzito wa kutosha bila kuyaongezea.

Na hiyo Corolla, ndugu mleta uzi, kwa maoni yangu usiivute. Kwenye barafu ukifunga breki kidogo, gari la nyuma linakusukuma ubavu.

FundiSaid_KC
Naiheshimu kazi yako DerevaMasafa, lakini watu wanavuta kila siku na wanafika. Corolla inasukumwa na magurudumu ya mbele, kwa hiyo ukiyapandisha yale mawili ya mbele kwenye kitoroli inavutika vizuri. Asithubutu tu kuipandisha Highlander humo kama ni ile inayosukuma magurudumu yote manne. Hiyo inataka trela inayobeba gari zima. Na akumbuke kwamba akiwa na kitoroli hawezi kurudi nyuma, kwa hiyo aangalie anapoingia kula asije akajifungia kwenye kona.

Kiboko_Houston
Sawa, nimekupata DerevaMasafa. Ila vipi kuhusu tairi za misumari? Akifika si anunue hizo?

MzeeMkazi_BP
Minnesota tairi za misumari ni marufuku kwa mkazi. Iowa wanaruhusu majira ya baridi. Anunue tairi za baridi za kawaida, zinatosha.

Mama_Imani_DSM
Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Mimi niko Des Moines. Mmeongea sana ya Texas, sasa niwaambie ya kwetu, maana msije mkampa mtu moyo kwamba Iowa ni mteremko.

Ukitoka Ames kwenda mpaka wa Minnesota ni mashamba matupu, mahindi yameshavunwa, hakuna mti wala nyumba ya kuzuia upepo. Theluji inaweza kuwa ilianguka juzi, leo anga ni ya bluu na jua linawaka, lakini upepo unaiokota theluji ile mashambani unaipitisha barabarani kama moshi mweupe unaotambaa. Ukitazama juu unaona mbingu. Ukitazama mbele huoni taa za gari la mbele yako. Shemeji yangu aliingia humo karibu na Clear Lake akiwa na gari refu la mizigo, upepo ukamsogeza mpaka kwenye mstari wa njano. Alitoka salama, ila tangu siku ile hapiti pale bila kusoma hali ya upepo.

Februari 2019 I-35 ilifungwa kutoka Ames hadi mpaka wa Minnesota. Ikifungwa hakuna mjadala na askari, unalala ulipo. Kila asubuhi kabla ya kuwasha gari fungueni 511ia.org kwa Iowa na 511mn.org kwa Minnesota, zina kamera, unaiona barabara yenyewe.

Mkwezi, mkifika Des Moines mnalala kwangu. Nina chumba, na mtaa wetu una nafasi ya kupaki lori refu. Nitumie ujumbe pembeni.

Kibibi77
Ndiyo maana nikasema ndege. Theluji nyingi kiasi hicho ndiyo wanayoiita blizadi, na mtu anataka apite nayo na watoto.

Mwl_Fizikia
Kibibi, blizadi haipimwi kwa wingi wa theluji. Idara ya hali ya hewa inatazama upepo wa maili 35 kwa saa au zaidi, na theluji inayopeperushwa hadi mtu haoni zaidi ya robo maili, kwa muda wa saa 3 au zaidi. Inaweza kuwa blizadi bila hata chembe mpya kuanguka, kama Mama Imani alivyoeleza.

Nesi_wa_Tanga
Dada yenu nimechelewa, nilikuwa zamu. Naona wote mko barabarani, hakuna aliyeuliza kuhusu leseni ya mama watoto. Kama ni nesi mwenye leseni ya Texas: Texas imo kwenye ule mkataba wa majimbo unaokuruhusu kufanya kazi majimbo mengi kwa leseni moja. Minnesota haimo. Lazima awe na leseni ya Minnesota yenyewe kabla ya zamu ya kwanza. Nimeshuhudia mtu amehamisha nyumba nzima, akafika, akaambiwa asubiri karatasi. Kodi inadai, mshahara hakuna.

Mkwezi_Irving
Dada Nesi, ubarikiwe. Anayo tayari, aliiomba tangu Oktoba. Mama Imani, nimekuandikia pembeni. Sina la kusema, Mungu akuzidishie.

Nesi_wa_Tanga
Basi amwandikie mwajiri leo aombe kuanza wiki moja mbele. Waajiri wa huku wanajua theluji, mara nyingi wanakubali ukiwaambia mapema. Msifunge safari kwa kamba mbili, mkataba wa nyumba upande huu na Jumatatu ya kazi upande ule. Watu wanaingia kwenye dhoruba si kwa kuwa hawakuiona kwenye simu. Wameiona, ila wamejiambia kesho ni lazima niwe kazini.

DerevaMasafa
Nesi amemaliza. Siku za akiba ndizo zinazookoa kuliko tairi, kuliko chumvi, kuliko kitu chochote kilichotajwa hapa.

Kinyozi_Fargo
Kwa watoto: mdogo asifungwe kwenye kiti akiwa na jaketi nene. Mkanda unaonekana umebana kumbe umebana hewa ya jaketi, na gari likigonga mtoto anachomoka. Mfunge na sweta, kisha jaketi umvalishe kinyumenyume juu ya mkanda, au mfunike blanketi.

Mkikwama kwenye theluji msitoke kwenda kutafuta msaada kwa miguu. Kaeni ndani. Washa injini kama dakika 10 kila saa upate hita, lakini kwanza shuka ufukue theluji kwenye bomba la ekzosi. Likizibwa, moshi unarudi ndani, na ile hewa ya sumu haina harufu, mnalala usingizi wa moja kwa moja. Fungua dirisha kidogo upande usio na upepo. Beleshi liwe ndani ya gari mnalokaa, si nyuma ya lori chini ya makochi. Vivyo hivyo mablanketi, maji, tochi, waya za kushtulia betri, na mfuko wa mchanga wa choo cha paka wa kutupia chini ya tairi. Tangi la Highlander lisishuke chini ya nusu.

Mama_Neema_Irving
Mimi ni mama watoto mwenyewe, ameniita nisome. Asanteni sana ndugu zangu. Mwajiri nimemwandikia. Naomba kuuliza: mama yangu anakuja nasi, anatumia insulini. Na nina mche wa mchaichai na mlonge kwenye vyungu, nimeitunza tangu tulipofika Marekani. Iende kwenye lori?

Nesi_wa_Tanga
Insulini ikae nanyi ndani ya gari, kwenye mfuko wa kuhifadhi baridi lakini isigusane na barafu, na usiku ipande nanyi mpaka chumbani. Ikishaganda imeharibika, hata ikiyeyuka ikaonekana nzuri usimpe mama. Itupe.

Vyungu visiende kwenye lori, humo ndani baridi ni sawa na nje. Mlonge utakufa usiku wa kwanza. Viweke miguuni kwenye Highlander. Na soda za makopo na maji ya chupa visiingie lorini, vitapasuka viloweshe magodoro. Mawese yakiganda usihofu, yatayeyuka yenyewe.

FundiSaid_KC
Runinga pia. Ikishuka kwenye lori usiichomeke umeme siku hiyo. Iache ndani ya nyumba mpaka ipate joto la chumba na unyevu ukauke, ndipo uiwashe.

Bukavu_FW
Karatasi za uhamiaji musisahau. Kama bado hamujapata uraia, lazima mujulishe uhamiaji anwani mpya ndani ya siku 30.

Wakili_Mtaani
Bukavu, ni siku 10, si 30. Fomu AR-11, inajazwa mtandaoni. Na mwenye kesi kwenye mahakama ya uhamiaji ana siku 5 za kazi kuijulisha mahakama yenyewe. Hizo ni ofisi mbili tofauti, kujulisha moja hakutoshi. Barua ya kuitwa ikienda nyumba ya zamani na wewe hukutokea, hakimu anaweza kuamuru uondolewe nchini bila wewe kuwepo. Nimeona familia ikilia kwa ajili ya barua iliyokwenda anwani ya zamani.

MzeeMkazi_BP
Leseni ya udereva ya Minnesota na usajili wa magari mna siku 60 tangu muwe wakazi. Na lori msiliache barabarani usiku kabla ya kuuliza sheria ya mji wenu. Minneapolis theluji ikizidi wanatangaza dharura ya theluji, inakwenda siku tatu, kila siku ina upande wake wa barabara usioruhusiwa. Gari linavutwa, na kulikomboa ni pesa nyingi.

Mpare_Phoenix
Jamani samahani kuingilia, mimi nahama Phoenix kwenda Portland, Maine, mwezi wa pili. Kampuni ya kuhamisha imenipa bei nzuri kwa simu. Nipite nao?

Wakili_Mtaani
Mpare, kuna kampuni moja ya mtandaoni ilimpa ndugu yangu "bei nzuri kwa simu" hivyohivyo. Walipopakia wakadai karibu mara mbili, wakakaa na vitu vyake. Waombe namba yao ya USDOT, yaani ya usajili kwa wizara ya usafirishaji ya Marekani, uichunguze kwenye tovuti ya serikali, na makadirio yawe ya maandishi baada ya kuona vitu vyako. Kama makadirio si ya bei iliyofungwa, siku ya kushusha hawaruhusiwi kukudai zaidi ya asilimia 110 ya makadirio ndipo wakupe mzigo. Kinachobaki wanakutumia bili baadaye. Fungua uzi wako tukuchangie, hapa tusimpoteze Mkwezi.

Mkwezi_Irving
Wakuu, mrejesho. Mwajiri amekubali kusogeza kwa wiki moja. Mimi nimeomba ruhusa, tunaondoka Jumatano asubuhi badala ya Ijumaa usiku. Siku ya kwanza Wichita, ya pili Des Moines kwa Mama Imani, ya tatu tunamalizia. Tunaendesha wakati wa mwanga tu, na nimeambiwa huko juu jua linazama kabla ya saa kumi na mbili jioni, kwa hiyo kila siku saa kumi tunatafuta pa kulala. Mafuta nimepanga kama FundiSaid alivyosema.

Limebaki la Corolla. Bado sijaamua nivute au niipakie kwenye lori la kubeba magari.

DerevaMasafa
Ipakie. Na Jumatano kabla ya kuwasha, usitazame Minneapolis kwenye simu. Tazama Denton, Ardmore na Oklahoma City. Ukiona mvua na nyuzi kati ya 28 na 33, kaa Irving. Sasa una wiki nzima mkononi, itumie.

FundiSaid_KC
Ivute, lakini kwa sharti hilohilo la DerevaMasafa. Kamba za magurudumu zikaze upya baada ya maili chache za mwanzo, na kila mnaposimama. Mkipita Kansas City nipigie, nikague kitoroli bure, dakika chache tu.

Kibibi77
Mimi bado nasema bibi na watoto wapande ndege. Lori lifuate na baba.

Mama_Neema_Irving
Dada Kibibi, mama anaogopa ndege kuliko barafu. Ila wazo la kutenganisha watoto na lori tunalijadili usiku wa leo.

MzeeMkazi_BP
Mkifika Brooklyn Park nipeni taarifa, vijana wa huku watakuja kushusha. Na Mwalimu, ile hoja ya utando wa maji sijaikubali. Wiki iliyopita hapa ilikuwa -12 na nimeteleza mlangoni kwangu.

Mwl_Fizikia
Mzee wangu, pole. Mlangoni ulimwaga chumvi?

MzeeMkazi_BP
Nilimwaga, ya kutosha.

Mwl_Fizikia
Chumvi ya kawaida ikishuka chini ya nyuzi 15 hivi haina nguvu tena ya kuyeyusha. Kwenye -12 ulimwaga changarawe nyeupe. Tumia mchanga.

Bukavu_FW
Sasa mwalimu, kama chumvi haifanyi kazi huko na bado wanapita, inakuwa si chumvi inayowaokoa. Ninarudi palepale kwangu: madaraja.